Thandiwe Muriu: Kitenge, ngozi nyeusi na kamera ya baba

Mikese. Katika miji midogo ya kando ya barabara kuu, duka la vitenge na duka la vipodozi mara nyingi hutenganishwa na ukuta mmoja tu. Mikese, kilomita zipatazo 30 kabla ya kufika Morogoro mjini kwa anayetokea Dar es Salaam, haina tofauti na miji hiyo. Mama anaingia duka la kwanza na kutoka na doti ya kitenge chenye rangi zinazopiga kelele. Binti yake anaingia duka la pili na kutoka na kikopo kidogo kisicho na maelezo ya kueleweka, ambacho muuzaji amemhakikishia kwamba "kinatakatisha".

Nguo inaipenda ngozi nyeusi, kikopo kinaichukia. Vyote viwili vinaingia nyumba moja, vinakaa kwenye begi moja.

Mgongano huo ndio ambao Thandiwe Muriu, mpigapicha wa mitindo na matangazo kutoka Nairobi, ameufanyia kazi tangu mwaka 2015. Picha zake zinatambulika hata na asiyejua jina lake: mwanamke mwenye ngozi nyeusi kabisa, nywele zimesukwa kama jengo, macho yamefunikwa na miwani ya ajabu, na gauni lake limeshonwa kwa kitenge kilekile kilichotandazwa nyuma yake. Ukitazama haraka, mwili haupo. Kinachobaki ni uso, shingo, mikono na nywele.

Kwa msomaji wa ukurasa huu, hasa mzazi wa binti, safari ya mpigapicha huyu ina mambo kadhaa ya kutazamwa kwa karibu, na la kwanza linaanzia kwa baba yake.

Kamera haikufungiwa kabatini

Muriu alizaliwa mwaka 1990 na kukulia Nairobi. Alipokuwa na miaka 14, baba yake aliwafundisha yeye na dada zake kutumia kamera yake. Katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki za wakati ule, kamera ilikuwa kitu cha kutolewa siku ya harusi, ubatizo au Idi, kisha kurudishwa kabatini na kufungiwa, tena kwa onyo kwamba mtoto asiiguse. Baba huyu alifanya kinyume. Hakuwapeleka watoto chuo cha picha, na Muriu mpaka leo huhesabiwa miongoni mwa waliojifunza wenyewe, lakini aliwakabidhi chombo na kuwaacha waharibu picha nyingi kadiri walivyotaka.

Wanamitindo wake wa kwanza walikuwa watu wa nyumbani. Kufikia miaka 17 alikuwa ameanza kufanya kazi za kulipwa, na alipokuwa na miaka 23 alipiga kampeni yake ya kwanza ya tangazo akiwa mpigapicha mkuu, jukumu ambalo wengi hulipata baada ya miaka mingi ya kubeba mikoba ya wenzao.

Haikuwa rahisi kama inavyosikika. Upigaji picha wa matangazo ni kazi ya taa nzito, wasaidizi wengi, mteja aliyekaa nyuma ya kioo akihesabu saa, na bajeti ambayo haivumilii kosa. Katika Kenya ya miaka hiyo wanawake waliokuwa wakiifanya walikuwa wachache mno, na Muriu ameeleza mara kadhaa jinsi alivyolazimika kuthibitisha kwamba anaiweza. Hali hiyo inafahamika vizuri hata Morogoro: kwenye harusi, mwanamke akishika kamera kubwa, bado wapo wageni wanaouliza mpigapicha mwenyewe yuko wapi.

Matangazo yalimpa ustadi wa taa na usafi wa picha. Lakini picha ya tangazo ni mali ya mwenye sabuni au mwenye simu. Inauza, inabanduliwa ukutani, inasahauliwa. Muriu alitaka kazi itakayosema yeye ni nani, na akarudi kwenye kitu alichokiona tangu utotoni kwenye miili ya wanawake waliomzunguka, yaani kitenge.

Kujificha ili uonekane

Mfululizo wa picha hizo aliuita Camo, kifupisho cha neno la Kiingereza linalohusu mavazi ya kujificha, kama magwanda ya askari msituni au rangi ya kinyonga. Wazo lake ni kwamba mtu anaweza kumezwa na utamaduni wake mwenyewe. Mwanamke hasa. Anaambiwa avae nini, asuke nini, aolewe lini, awe na rangi gani, na mwishowe anafanana na ukuta uliopo nyuma yake.

Basi Muriu akaligeuza jambo hilo kuwa picha. Anatafuta kitenge, anampelekea fundi cherehani ashone vazi, kisha kipande kingine cha kitambaa hichohicho kinakuwa pazia la nyuma. Mistari na maua ya nguo na ya pazia lazima yashikane. Wasomaji wanaoshona wanajua maumivu ya kukutanisha ua la kitenge kwenye mshono wa bega, na hapo ni kwa mwili ambao unatakiwa usimame tuli mbele ya taa. Wengi wakiziona picha hizi kwenye simu hudhani ni ujanja wa kompyuta. Sehemu kubwa ya kazi hufanywa kwa mkasi, sindano na subira.

Lakini mwanamke aliyefichwa hivyo hapotei. Mtazamaji anauona uso kwanza kuliko kitu kingine chochote, kwa sababu ndio pekee usio na maua. Ngozi nyeusi, ambayo katika majarida ya mitindo ilizoeleka kupunguzwa kwa taa au kwa kompyuta, katika picha hizi ndiyo mahali pa jicho kupumzika. Muriu huwachagua kwa makusudi wanawake wenye ngozi nyeusi sana, ambao katika mazungumzo ya mtaani wangeambiwa "mzuri, ila mweusi".

Miwani nayo ina hadithi yake. Hainunuliwi dukani. Inatengenezwa kwa vitu vya nyumbani ambavyo kila mtu anavyo, vikiwamo vichujio vya sinki. Kwa watoto waliokulia kwenye nyumba ambazo chupa tupu ya mafuta hugeuka kikopo cha kuchotea maji na kopo la rangi hugeuka chungu cha maua, mzaha huo hauhitaji maelezo.

Kila picha huambatanishwa na methali ya Kiafrika. Hapa mtu wa pwani au wa Morogoro anatabasamu, kwa kuwa nguo yenye maneno si jambo geni kwake. Kanga imekuwa na jina, yaani ule ujumbe ulioandikwa chini, kwa zaidi ya miaka 100, na wanawake wameitumia kumsema wifi, kumshukuru mama na kumjibu jirani bila kufungua mdomo. Muriu anafanya na picha kile ambacho bibi zetu walikifanya kiunoni.

Nywele ni kipengele ambacho kingestahili makala yake. Katika Camo hakuna wigi la nywele laini. Nywele zinasukwa, zinafungwa, zinasimamishwa, zinazungushwa, kwa kufuata mitindo ya zamani ya jamii mbalimbali za Afrika kisha kuipa chumvi. Mama wa Kitanzania aliyesukwa "twende kilioni" au nywele za uzi siku ya Jumapili, kichwa kikiwa katikati ya magoti ya shangazi, ataona kitu anachokijua, ingawa kimepanda juu nusu mita.

Kitenge chenyewe ni mgeni aliyelowea

Wapo wanaokereka wakiambiwa kwamba kitenge si cha asili ya Afrika. Ukweli ni kwamba historia yake ni ya masafa marefu. Mtindo wa kuchapa nguo kwa nta ulikuwa ufundi wa kisiwa cha Java, Indonesia. Waholanzi waliokuwa wakikitawala kisiwa hicho waliuiga kwa mashine, na kampuni ya Vlisco, iliyoanzishwa mwaka 1846 katika mji wa Helmond, bado inachapa nguo hizo hadi leo. Soko lake kubwa likawa Afrika Magharibi, na kutoka huko nguo ikasambaa na kupata majina, maana na heshima ambazo Mholanzi hakuzipanga.

Kwa mkazi wa mkoa wa Morogoro jambo hilo liko karibu zaidi, kwa sababu mjini Morogoro kuna kiwanda cha nguo cha 21st Century ambacho vitenge na khanga vimekuwa miongoni mwa bidhaa zake. Kitambaa kinachoning'inia kwenye duka la Mikese kinaweza kuwa kimetoka China, India au umbali wa nusu saa kwa basi. Macho ya mnunuzi hayabagui. Yeye anatazama rangi, anakikunja kuona uzito, anauliza kama kinachuja.

Ndiyo maana maonyesho makubwa ya kitambaa hicho yaliyofanyika mwaka 2025 katika jumba la makumbusho la Musée de l'Homme, Paris, yakiitwa Wax, yalihitaji wasanii kama Muriu. Historia ya viwanda inaweza kuelezwa kwa makaratasi. Namna nguo inavyoishi mwilini inahitaji picha.

Kikopo cha duka la pili

Turudi kwenye kikopo. Ukurasa wa familia hauwezi kusifia picha za ngozi nyeusi halafu ukanyamaza kuhusu mkorogo.

Krimu na sabuni za kuchubua ngozi zenye zebaki au hydroquinone zimepigwa marufuku Tanzania, na mamlaka za udhibiti zimekuwa zikizikamata na kuziteketeza mara kwa mara. Bado zinapita. Nyingine huja bila jina, zimechanganywa na muuzaji mwenyewe kwenye kopo, na hapo ndipo neno mkorogo lilipotoka.

Zebaki huzuia ngozi kutengeneza melanini, ile rangi inayotupa weusi wetu na inayotukinga na jua. Shirika la Afya Duniani (WHO) limeeleza kwamba athari kuu ya zebaki iliyomo kwenye vipodozi ni kuharibu figo. Pia huleta vipele, mabaka na makovu, hupunguza uwezo wa ngozi kupambana na vimelea, na inaweza kusababisha wasiwasi, sonona na ganzi ya mikono na miguu. Kwa mjamzito, zebaki hupita na kumfikia mtoto tumboni. Mama anaweza kupaka usoni, madhara yakaenda kwa asiyezaliwa.

Hydroquinone ikitumika kwa muda mrefu bila usimamizi wa daktari huweza kuleta kinyume cha kilichotafutwa: mabaka ya kijivu yanayoelekea weusi, hasa mashavuni na juu ya macho, ambayo kuyaondoa ni kazi ngumu. Kundi la tatu ni krimu zenye steroidi kali. Hizi huifanya ngozi kuwa nyembamba, ikawa na michirizi, chunusi na vidonda vinavyochelewa kupona. Ndiyo sababu madaktari wa upasuaji hulalamika kwamba ngozi iliyochubuliwa kwa miaka mingi ni ngumu kushonwa.

Dunia imeanza kukaza kamba. Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki, uliopitishwa mwaka 2013 na kuanza kutumika mwaka 2017, mwanzoni uliruhusu vipodozi vyenye zebaki ya chini ya sehemu 1 kwa milioni. Katika mkutano wa nchi wanachama uliofanyika Geneva mwaka 2023 kiwango hicho nacho kiliondolewa, ikakubaliwa kwamba kufikia mwaka 2025 vipodozi vyote vilivyoongezwa zebaki vikomeshwe.

Mikataba haiingii chumbani kwa binti wa miaka 16, hata hivyo. Anayeingia humo ni simu. Simu hiyo ina filta inayompausha kabla hajaamua kama anataka, na ikishampausha mara 50, uso wake halisi kwenye kioo unaanza kuonekana kama kosa. Shangazi anamwita binamu yake mweupe "mzungu wangu". Mshereheshaji harusini anasifia bibi harusi "mweupe kama karatasi". Rangi ya maji ya kunde ndiyo inayoimbwa, na weusi wa kawaida hauna sifa yake. Hakuna muuza kikopo anayeweza kufanya biashara bila maandalizi hayo, na mengi yanafanywa na watu wanaompenda huyo binti.

Muriu haendeshi kampeni ya afya na hajawahi kujiita mtaalamu wa ngozi. Amesema tu kwamba alikua akiona sura za urembo ambazo hazikufanana na yake, na kwamba alitaka wasichana wa baada yake wawe na kitu kingine cha kutazama. Mhudumu wa afya aliyewahi kubandika bango lenye picha ya uso ulioungua kwa mkorogo anajua kwamba picha ya kutisha humfanya binti ageuze shingo. Picha ya kuvutia humfanya asimame. Pengine kliniki zetu zingehitaji zote mbili.

Filamu iliyopimwa kwa uso mweupe

Wapo watakaosema kamera haina ubaguzi, inaonyesha kilichopo. Historia haikubaliani nao sana. Kwa miongo kadhaa kampuni ya Kodak ilizipatia maabara za kusafisha picha kadi ya kupimia rangi yenye picha ya mwanamke mweupe. Kadi hizo zilijulikana kama Shirley, kwa jina la mfanyakazi wa Kodak aliyepigwa picha ya mwanzo. Fundi alirekebisha mashine mpaka ngozi ya Shirley ionekane sawa. Nyuso nyeusi zilizopita kwenye mashine hiyohiyo zilitoka kama kivuli chenye meno na macho.

Wazazi wa watoto weusi walijua, wapigapicha walijua. Lakini miongoni mwa malalamiko yaliyoisukuma kampuni hiyo kuboresha filamu zake miaka ya 1970 yalikuwa ya watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, ambao picha za bidhaa zao za kahawia hazikutofautiana. Kadi yenye wanawake wa rangi mbalimbali ilikuja miaka ya 1990. Kwa hiyo albamu za familia zetu za miaka ya 1970, ambazo babu anaonekana kama doa jeusi ndani ya suti, zina maelezo mengine zaidi ya "fundi hakuwa mzuri".

Walioona mapema

Fundi wazuri walikuwapo. Mjini Bamako, Mali, Seydou Keïta (1921–2001) aliwapiga picha wateja wake mbele ya vitambaa vyenye maua, wakati mwingine gauni la mteja likigombana au kupatana na pazia, na picha hizo za rangi nyeusi na nyeupe leo zinahesabiwa miongoni mwa bora zaidi za karne ya 20. Anayemtazama Muriu baada ya Keïta anaona ukoo.

Afrika Mashariki nayo ilikuwa na studio zake. Zanzibar, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930, na mwanawe akaiendeleza kwa miaka mingi. Mombasa, N. V. Parekh aliwapiga picha wanawake wa mjini waliofika studio wamevaa kanga pacha, wachumba, marafiki walioshikana mikono, watu waliojipamba kwa siku moja waliyotaka ikumbukwe. Mtu alikwenda studio kuonekana vile alivyotaka yeye, na fundi alimpa kiti, taa na heshima.

Katika kizazi cha Muriu, yupo Osborne Macharia, Mkenya mwenzake aliyesomea usanifu majengo kabla ya kuhamia kwenye kamera, ambaye aliwavisha mabibi miwani na mavazi ya kifahari na kuwatungia hadithi za kishujaa. Mwaka 2018 alipewa kazi ya kutengeneza picha zilizohusiana na filamu ya Black Panther. Mtu akipitia kazi zao kwa pamoja anaweza kuzichanganya kwa rangi na ucheshi, ingawa Macharia ni msimulia hadithi na Muriu yuko karibu zaidi na mshonaji.

Kwenye kuta za pamoja

Maonyesho ya mtu mmoja ndiyo ndoto ya kila msanii, lakini ya pamoja ndiyo hulisha wengi. Wasanii kadhaa wanagawana ukuta, gharama na watazamaji, na msimamizi wa maonyesho huwaunganisha kwa wazo moja. Faida yake kubwa ni kwamba mtu aliyekuja kumtazama mwingine anakukuta wewe.

Mwaka 2024 Muriu alikuwa miongoni mwa wanawake watano walioshiriki maonyesho ya Passengers in Transit mjini Venice, Italia, yaliyokuwa sehemu ya shughuli za pembeni za Biennale ya 60, kwa uratibu wa kituo cha sanaa cha CCA cha Lagos, Nigeria. Wenzake walikuwa Joana Choumali wa Ivory Coast, April Bey aliyekulia Bahamas, Christa David wa Marekani na Euridice Zaituna Kala wa Msumbiji. Choumali ndiye Mwafrika wa kwanza kushinda tuzo ya Prix Pictet, mwaka 2019, kwa picha alizozitarizi kwa uzi na sindano. Mmoja anatarizi juu ya picha, mwingine anashona kabla ya picha. Kuwaweka chumba kimoja lilikuwa wazo zuri.

Mwaka huohuo kitabu chake, nacho kikiitwa Camo, kilichapishwa Marekani.

Afrika ina majukwaa yake pia. Bamako imekuwa na maonyesho yake ya picha tangu mwaka 1994, na mwaka 2010 yalianzishwa LagosPhoto na Addis Foto Fest. Dar es Salaam kuna Nafasi Art Space, ambako wasanii hukodi vyumba vya kazi na kuonyesha kwa pamoja. Kwa kijana wa Mikese mwenye simu nzuri na jicho zuri, Dar es Salaam ni safari ya asubuhi na jioni.

Ngozi isiyo na kivuli

Mpigapicha mwingine wa kutajwa hapa ni Sarah Waiswa, mzaliwa wa Uganda anayeishi Nairobi. Alisomea sosholojia na saikolojia, akafanya kazi za ofisini, kisha akaacha na kushika kamera. Mwaka 2016 alishinda tuzo ya ugunduzi katika tamasha la picha la Arles, Ufaransa, kwa mfululizo wa Stranger in Familiar Land. Humo mwanamke mwenye ualbino, aliyevaa kama mwanamitindo, anatembea na kusimama katikati ya Kibera. Watu wanamtazama. Jua linamtazama zaidi.

Nchini Tanzania inakadiriwa mtoto 1 kati ya 1,400 huzaliwa na ualbino, na baada ya miaka ya mashambulizi ambayo taifa linayakumbuka kwa aibu, hatari kubwa inayobaki kila siku ni saratani ya ngozi. Kule Moshi, katika Hospitali ya KCMC, hutengenezwa losheni ya Kilisun maalumu kwa ajili yao. Kofia pana, mikono mirefu, losheni na uchunguzi wa ngozi wa mara kwa mara huokoa maisha. Ni kejeli chungu kwamba wakati mzazi wa mtoto mwenye ualbino anahangaika kutafuta kinga ya jua, jirani yake analipa fedha kuiondoa ile aliyozaliwa nayo.

Nyumbani, kwa simu uliyonayo

Picha nzuri ya mtoto mweusi haihitaji filta. Kamera ya simu hupima mwanga kwa wastani: ukimsimamisha mtoto mbele ya ukuta uliopakwa chokaa, simu inaona weupe mwingi, inapunguza mwanga, na uso unakuwa giza. Badilisha ukuta. Tundika kitenge au kanga yenye rangi za kati, kwa misumari miwili au kamba ya kuanikia.

Msogeze karibu na mlango au dirisha, mwanga umfikie kwa ubavu, wala si jua la saa sita kichwani. Gusa uso wake kwenye kioo cha simu, kisha ukiona alama ya jua pembeni, isogeze juu kidogo mpaka macho yaonekane. Mpake mafuta ya kawaida ya kupaka. Ngozi nyeusi hupendeza inaporudisha mwanga, na hapo mashavu na paji la uso hupata umbo. Zima fleshi. Zima pia "urembo", kile kitufe ambacho simu nyingi huja kimeshawashwa.

Na anayeanza kuona mabaka, kuwashwa au michirizi baada ya kutumia krimu asisubiri. Aende kituo cha afya kilicho karibu akiwa na kikopo chenyewe mkononi, hata kama kimeisha, ili mhudumu ajue anapambana na nini. Akihitaji zaidi atapewa rufaa kwenda hospitali ya mkoa mjini Morogoro. Aliyetumia krimu ya steroidi kwa muda mrefu asiiache ghafla bila kuonana na mtaalamu, kwa kuwa ngozi inaweza kulipuka vibaya kuliko mwanzo. Mjamzito aliyewahi kuitumia aliseme jambo hilo kliniki siku ya kwanza, wala asiogope kugombezwa.